Ardhi Ina Homa

Katika nyumba yetu yote, mtu pekee ambaye ule moto haukumtia hofu ni mimi. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili atakayekuja kusema vinginevyo akute nafasi imeshakaliwa. Shemeji yangu seremala, mwenye mikono ya kupindua gogo peke yake, alitetemeka mpaka nyundo ikamtoka. Dada yangu, mke wake, alikimbia barabarani pekupeku. Hata Bwana Marufuku, ambaye analipwa mshahara kwa kazi ya kuogopa moto, siku hiyo aliutendea mshahara wake haki. Mimi ni kinyozi. Mtu anayeshinda kutwa na wembe shingoni mwa watu, hofu ya ziada ataitoa wapi?

Utaniuliza nimejuaje yaliyosemwa chumbani kwa wenyewe, na mengine yaliyowazwa tu. Nyumba ya seremala ina kuta za mbao, ndugu yangu. Chumba changu na chao vimetengwa na ubao mmoja, na ubao wenyewe una tundu pale kifundo kilipodondoka. Yaliyobaki dada alinisimulia. Ambayo dada hakusimulia nimeyajaza mwenyewe, kwa uaminifu.

Ilikuwa miezi ile mvua imetusahau kama mdeni anavyosahau njia ya dukani. Majani yalikauka hadi ukiyakanyaga yanalia kama biskuti. Kila asubuhi Bwana Marufuku alipita kwa baiskeli, kipaza sauti amekifunga kwenye usukani kwa mpira, sauti imemkauka kama majani yenyewe.

"Ni marufuku! Kuchoma takataka nje, marufuku! Kuchoma majani, kuchoma shamba, kuchoma chochote uwanjani, marufuku! Mpaka mvua zinyeshe! Atakayepatikana atalipa faini na biashara yake itafungwa!"

Watoto walimkimbiza nyuma wakiitikia: "Kupumua marufuku! Kujikuna marufuku!" Jina lake halisi sijui kama hata mkewe analikumbuka.

Shemeji alikuwa akimsikia kutoka karakana yake, iliyo ubavuni mwa nyumba, na hakuinua hata kichwa kwenye randa.

"Marufuku ni ya wasiomjua moto," alisema. "Mimi nimekula naye sahani moja. Marehemu baba alichemsha gundi humuhumu katikati ya mbao, na hatukuungua hata unyusi."

"Lakini amesema chochote," dada akamwambia. Alikuwa mlangoni, anakung'uta vumbi la mbao kwenye gauni.

"Mama Kijiti, huyo anasema na wanaochoma majani. Maranda si majani."

Kijiti ni binti yao, mwembamba kama jina lake, na mdomo wake haufanani na mwili. Akadakia: "Baba, maranda si yametoka kwenye mti kama majani?"

"Wewe nenda kacheze."

Maranda, yale mabaki ya mbao yanayotoka kwenye randa, ndiyo yaliyokuwa mgogoro. Kwa kawaida alikuwa akija mfuga kuku na magunia, anazoa karibu yote, anakwenda kuyatandaza bandani, na machache yanayobaki shemeji anayachoma. Kiangazi kile akauza kuku wote kwa kukosa maji, akaacha kuja. Lundo likakua nyuma ya nyumba hadi likawa na kilele. Upepo ukipita, nyuzi zile za mbao zinaruka uzio na kwenda kutua kwa jirani, na jirani yetu si mtu wa kutuliwa.

Yeye ni Mama Bomba. Ndiye mwenye bomba la maji linalotegemewa na mtaa mzima, na tangu kiangazi kianze alikuwa akitembea kama mwenye funguo za mawingu.

"Fundi!" aliita siku moja juu ya uzio. "Leo nimekunywa chai yenye mbao. Nataka kujua, hiyo ni chai au ni meza?"

"Samahani, mama. Nitayaondoa."

"Utayaondoa lini? Nguo zangu nikizianua zinanikwaruza. Mume wangu anauliza kama nimeanza kulala na msumeno. Yasipoondoka wiki hii, nakwenda ofisini kwa yule wa kipaza sauti, akuhamishie kwake pamoja na lundo lako!"

Watu waliopanga ndoo foleni wakacheka. Shemeji naye akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe. Nilimwona akirudi karakana, akachukua beleshi, akalitazama, akalirudisha. Uamuzi ulikuwa umeshapita kichwani.

*

Tusimwonee. Aliyachoma maranda yake kwa uangalifu kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Alichagua asubuhi isiyo na upepo, kabla baiskeli ya Marufuku haijatoka. Alichimba shimo linalomfika kiunoni. Alichoma kidogokidogo, beleshi moja baada ya jingine, ndoo mbili za maji ziko kando, na moshi wenyewe ulikuwa mwembamba hata Mama Bomba akadhani ni wa jikoni. Yalipokwisha aliyamwagia maji, akashindilia udongo, akakanyagakanyaga kama anacheza ngoma, kisha akanawa mikono.

"Umeona?" akamwambia dada. "Kila mwaka nachoma, na kila mwaka nazika. Nani amewahi kufa?"

Kweli, kila mwaka alichoma. Alichosahau ni jambo ambalo ni yeye peke yake angeweza kulisahau, kwa kuwa ni yeye aliyelifanya. Alipokipata kiwanja kile kilikuwa bonde, mvua ikinyesha panakuwa dimbwi. Kujaza kifusi ni gharama. Basi kwa miaka alikuwa akimwaga maranda na unga wa mbao bondeni, anapitisha udongo juu, anamwaga tena, anapitisha tena, mpaka pakawa sawa. Wageni walisifu uwanja ulivyo laini, mtoto akianguka haumii. Baadaye akaongeza chumba nyuma, juu ya kifusi hichohicho, akakisakafia kwa saruji nyembamba, akamweka mama yake mzazi.

Miaka mingine chini palikuwa na unyevu. Mwaka huu hapakuwa na tone. Alikuwa amezika moto ndani ya kuni.

*

Wa kwanza kujua alikuwa kuku wa dada, aliyekuwa akiatamia kwenye kikapu kilichovunjika nyuma ya nyumba. Siku ya pili akaacha mayai yake, akahamia juu ya uzio, na kila ukimrudisha anapiga kelele kama anaibiwa. Tukamcheka. Nikasema kuku naye amechoka malezi.

Wa pili alikuwa Kijiti. Aliruka kamba uwanjani bila viatu, kisha akasimama, akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine.

"Mjomba, njoo ushike hapa. Ardhi ina homa."

"Jua hilo," nikamwambia.

"Jua liko pale, na hapa pana kivuli."

Sikwenda kushika. Nilikuwa na mteja.

Wa tatu alikuwa Bibi. Huyu ni mama yake shemeji. Miguu ilimwacha zamani, akili na ulimi havikumwacha kamwe. Siku nzima hulala kitandani chumba cha nyuma, mlango wazi, na anapochoka kulala humwomba dada amketishe, nyayo zikigusa sakafu. Miaka yote alilalamikia baridi ya miguu. Alivaa soksi mbili mbili hata wakati sisi tunavua mashati. Jioni ile dada alimpelekea chai akamkuta soksi ziko pembeni, anatabasamu.

"Mwanangu, Mungu hana haraka," Bibi akasema. "Leo miguu imepata joto yenyewe. Weka mkono wako uone."

Dada akainama. Hakuigusa miguu. Aligusa sakafu.

Chai ilimwagika. Bibi akamuuliza kulikoni, naye akasema amejikwaa, akatoka akitembea polepole hadi mlangoni, kisha akakimbia.

"Baba Kijiti! Njoo. Usiulize, njoo."

Shemeji alikwenda nyuma na ndoo ya maji, akamwaga pale alipozika. Ardhi ikanywa, ikanyamaza, halafu ikatoa pumzi: mvuke mrefu mweupe wenye harufu ya msonobari. Akapiga hatua kuelekea chumba cha mama yake, na hatua ya tatu mguu ukazama hadi gotini. Akauchomoa akiuma meno. Mle shimoni, chini kabisa, palikuwa pekundu. Hapakuwa na mwali wala sauti, ni wekundu tu unaofifia na kukolea, kama kitu kinachovuta pumzi usingizini.

Wakasimama wawili. Dada anasema kilichomwogofya si ule wekundu. Ni kwamba hakujua unaishia wapi. Kila mahali alipotaka kukanyaga alisita, uwanja wake mwenyewe, aliofagia tangu aolewe.

"Nenda ukamwite," akasema mwishoni.

"Nani?"

"Unamjua. Ofisini wana gari la maji."

"Niende kujishtaki kwa mguu wangu mwenyewe? Wataifunga karakana. Kitanda cha bwana harusi kiko nusu, kabati la mwalimu liko nusu. Nikifungiwa nitawapa nini? Nitakupa nini wewe?"

"Na mama je?"

"Tumhamishe mama chumba cha mbele."

"Tutamwambia nini? Na yule wa bomba akiuliza mbona bibi kahamishwa, tutasema nini?"

Shemeji akafuta jasho kwa mkono wenye masizi, likabaki baka jeusi kwenye paji. "Nipe siku moja, mke wangu. Nitachimba mfereji kati ya moto na nyumba. Moto ukifika kwenye mfereji utakosa cha kula. Siku moja tu. Mama asijue, atakufa kwa hofu kabla ya moto."

Nikayasikia yote hayo, nami nikakaa kimya. Mambo ya mke na mume, mtu wa tatu ni chumvi kwenye chai.

*

Siku iliyofuata alichimba tangu kulipokucha. Kila beleshi lilitoka na unga mweusi wenye moshi. Dada akawa mtu wa ndoo. Mama Bomba alimuuzia maji mara ya kwanza bila neno, mara ya pili kwa jicho, mara ya tatu kwa mdomo.

"Mama Kijiti, mnajenga bahari?"

"Nafua mapazia, mama."

"Mapazia! Nyumba yenu ina madirisha mangapi, mbona mimi naliona moja?"

Foleni ikacheka. Dada naye akacheka, macho yake yakiwa yamejaa, akajitwika ndoo. Alipofika nyumbani aliishusha akakaa chini kando yake kidogo, akashika ardhi kwa kiganja, akainuka haraka.

Na katikati ya balaa lile, nani anakuja kukaa kwenye kiti changu? Baiskeli iliegemezwa ukutani, kipaza sauti kikawekwa barazani kama kofia, na Bwana Marufuku mwenyewe akajitupa kwenye kiti.

"Ninyoe kote, kinyozi. Jasho linanimaliza."

Kiti changu kiko chini ya upenu wa mbele. Kioo changu, kirefu kama mtu, nilikuwa nimekitundika kwenye msumari mkabala naye, na ndani ya kioo kile, akigeuza kichwa kidogo tu, angeona ujia wa ubavuni, na mwisho wa ujia angeona shemeji yumo mferejini hadi kiunoni na mvuke ukimzunguka kama mtu anayepikwa. Nikasogeza kioo. Nikasema jua linaniumiza macho. Nikamwaga maneno kuliko ninavyomwaga povu: nikamsimulia habari ya mteja aliyelala akanyolewa masharubu, nikamsimulia ya mteja aliyekimbia bila kulipa, kichwa kimenyolewa nusu. Akacheka hadi nikalazimika kuondoa wembe.

Kisha akanusa.

"Nani anachoma?"

"Ni mbao, mzee. Fundi anakata mbao mbichi, msumeno unazipasha."

Kutoka nyuma nikasikia nyundo ikianza kupiga: ko, ko, ko. Shemeji alikuwa ametoka mferejini, anapigilia misumari kwenye ubao usiokuwa wa kitu chochote.

Marufuku akafumba macho. "Unajua watu wananicheka," akasema. "Wanadhani nakataza mwali. Mwali hauna taabu, kinyozi, mwali unaonekana. Mtu anauona, anapiga kelele, watu wanakuja. Mimi naogopa ule unaobaki. Masika ukiuzika unakutana na unyevu, unakufa. Kiangazi ukiuzika umeulaza tu. Ardhi yenyewe ni kuni, mizizi ni kuni, samadi ni kuni. Unatambaa huko chini siku nyingi, mwenyewe anakula, analala, anasema nimeuzima. Unamsubiri mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Upepo."

Nyundo ikakosea msumari. Dada alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba na ndoo tupu. Alimtazama Marufuku, akafungua mdomo. Nyuma yake, ujiani, mume wake akatikisa kichwa mara moja. Dada akafunga mdomo.

"Shikamoo," akasema, basi.

"Marahaba, mama. Poleni na ukame."

Nilimmaliza kichwa, akanilipa, akapanda baiskeli. Sauti yake ikaenda ikipungua barabarani, marufuku, marufuku, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeicheka nyumbani kwetu.

*

Upepo ulikuja asubuhi ya pili yake. Ulianza kwa kuchezea mabati, ukaendelea kwa kubeba vumbi, na mpaka saa ya chai ulikuwa unasukuma watu. Nikafunga kazi. Nikateremsha kioo, nikakiingiza ndani na kukiegemeza ukumbini karibu na mlango wa Bibi, maana kioo kile kikivunjika nimevunjika mimi.

Shemeji alikuwa kando ya mfereji wake, anautazama. Sasa nitakwambia jambo ambalo hata leo hapendi litajwe. Ule mfereji aliouchimba kuuzuia moto ndio uliofungulia moto mlango. Moto ulikuwa umeshapita chini yake, uko upande wetu, na ulikuwa unakosa hewa. Upepo ukaingia mferejini kama mgeni aliyeelekezwa nyumba.

Kwanza ardhi ikashuka. Rundo la mbao lililoegemea ukuta wa karakana likainama, likakaa upande, kama mzee anayetafuta kiti. Halafu ulimi mdogo ukatokea kati ya mbao mbili, ukaonja moja, ukaonja nyingine. Shemeji akarukia rundo kuzitawanya. Mguu uleule ukazama tena, safari hii hadi pajani, na ukelele alioutoa sitaki kuusikia tena.

Dada alimvuta. Akamvuta hadi akatoka, suruali inafuka. Kisha dada akamwacha amelala, akatimua mbio barabarani pekupeku, mikono kichwani, na alichokipaza kilisikika kupita kipaza sauti chochote.

"Ni sisi! Tumechoma sisi! Bwana Marufuku! Jamani, mwiteni, ni sisi tuliochoma! Moto uko chini ya nyumba!"

Watu wa foleni wakashusha ndoo. Wanawake aliowadanganya kwa mapazia, watoto waliocheza na Kijiti, mteja wa kabati, wote walimwona akijitangaza hivyo katikati ya barabara, nywele zimefumuka, goti linatoka damu. Mama Bomba alitoka na mikono kiunoni.

"Nilijua! Dirisha moja, mapazia ndoo kumi!" Na hapohapo, bado akitukana, akawa anaburuta mpira wake wa maji juu ya uzio. "Shikeni huko, mnanitazama nini? Fungueni mpaka mwisho! Leo sihesabu!"

Marufuku hakuwa mbali. Baiskeli aliiacha ikidondoka yenyewe.

"Msikanyage uwanja!" akapaza. "Piteni kwa mbele! Bomoeni uzio ule, mbao zote ziende barabarani! Mchanga, leteni mchanga! Nani yuko ndani?"

"Mama!" dada akalia. "Chumba cha nyuma. Hatembei."

Moshi ulikuwa umeshajaza ukumbi. Sakafu ya chumba cha Bibi ilikuwa imepasuka ufa kutoka ukutani hadi kitandani, na kwenye ufa ule palikuwa na mwanga. Mimi wakati huo nilikuwa nikishughulikia mali za nyumba, nikihakikisha kwamba mambo yanakwenda kwa utaratibu. Bibi akatolewa. Karakana ikaanguka paa. Ukuta wa nyuma ukakatwa kwa shoka ili moto usifuate mbao hadi mbele. Gari la maji la ofisini likaja, likanywesha ardhi mpaka ikaacha kufuka, na watu wakachimba na kugeuza kifusi siku kadhaa, na kila walipodhani kimekwisha palitokea pumzi nyingine nyeupe mahali pengine.

*

Hakuna aliyekufa. Naliandika kwa mstari wake kwa sababu kwa muda mrefu tulikuwa tukiamka na kuhesabiana.

Kitanda cha bwana harusi kiliungua, kabati la mwalimu likaungua, faini ikatozwa, na kilichobaki cha karakana kikawekwa kufuli mpaka mvua. Marufuku aliifunga mwenyewe. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye bendeji, unyusi mmoja haupo. Shemeji alisimama mbele yake kwa gongo, kichwa chini.

"Ungeniambia siku ile nanyolewa," Marufuku akamwambia, "ningekuja na gari la maji, ningekupa karipio, na ungekuwa na karakana."

"Niliogopa, bwana."

"Najua. Nami nilisikia ile nyundo. Nikajiambia, huyu fundi leo anapiga kama mtu anayebisha hodi." Akatia ufunguo mfukoni. "Nikaona uvivu kwenda kutazama. Basi tuko wawili."

Siku hizi shemeji, kabla mtu yeyote hajatoka nje, hushuka kwanza uwanjani na gongo lake, huinama kwa taabu, huweka kiganja ardhini hapa, huweka pale, huweka na pale. Kijiti humfuata nyuma akiweka chake. Baiskeli ikipita na watoto wakaanza "kupumua marufuku", huwafokea hadi wananyamaza. Bibi chumba hana tena. Analala mbele na Kijiti, na mchana anakaa barazani kando ya kiti changu, soksi mbili mbili miguuni. Anasema baridi hiyohiyo aliyoitukana miaka yote, sasa kila inapompanda anaishukuru.

Wateja wangu wanaipenda sana habari hii. Nimeisimulia mpaka imepata mahali pa kupumzika na mahali pa kuchekea. Juzi alikuja mmoja, mgeni wa mtaa, nikamtia povu, nikamsimulia tangu lundo hadi upepo. Nilipofika kwenye ukumbi uliojaa moshi akashika mikono ya kiti.

"Na yule bibi? Nani alimtoa?"

"Tulimtoa," nikasema. Akaendelea kunitazama kwenye kioo, macho yamemtoka, na mtu akikutazama hivyo huwezi kumpa nusu. "Nilimtoa. Niliingia, nikamwambia Bibi usiogope, nikamtia begani."

"Mwanangu," Bibi akasema.

Nilidhani amelala.

"Alinibeba yule wa marufuku. Mkono wake ndio ulioshika kitanda, chuma kilikuwa cha moto." Alisema taratibu, bila hasira, kama anayemsahihisha mtoto hesabu. "Wewe ulipita kabla yake. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nikakuita, ukageuka, tukatazamana. Kisha ukakitia kioo mgongoni, uso wake ukinielekea mimi, ukatoka nacho."

Mgeni akainua macho kwenye kioo.

"Nilikitazama kile kioo kikienda," Bibi akasema. "Nikajiona mimi mwenyewe humo ndani, na kitanda changu, na ule ufa unaowaka. Nikasema, afadhali, nimetolewa. Kumbe nimebaki."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshika wembe, na nusu ya kichwa cha mteja bado ina povu, naye alikuwa ananitazama ndani ya kioo kilekile.